Mkalimani wa Mahakama Aomba Ufadhili

Kaka yangu haamini kitu. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono nje ya dirisha, kisha ataukagua ule mkono. Hakuzaliwa hivyo. Mahakama ndiyo iliyomharibu.

Ni mkalimani. Watu wa kwetu wanapofikishwa mbele ya hakimu bila Kiswahili cha kutosha, yeye husimama kando ya kizimba na kuyageuza maneno yao. Kazi hiyo ina sharti moja linalowashangaza wageni: mkalimani hasemi "mshtakiwa anasema aliiba." Husema, "Mimi niliiba." Shahidi akilia kwamba amepigwa, kaka husema, "Mimi nilipigwa," kwa sauti kavu, huku akitazama wavu wa dirisha. Asubuhi yeye ni mwizi, mchana ni mwenye mali, alasiri ni mke aliyetelekezwa. Uongo wote wa wilaya hupita kinywani mwake, tena kwa jina la "mimi." Shahidi akijikanyaga, humkazia macho na kumwambia, "Hebu rudia." Ndilo jina lake pale mahakamani, Bwana Hebu Rudia, na hata mahabusu wanalijua.

Tabu ni kwamba kazi anarudi nayo nyumbani. Mkewe akisema gesi imekwisha, anaambiwa arudie. Wifi yangu ni mtu wa subira, lakini siku moja alimjibu, "Nirudie mara ngapi, mheshimiwa, au niapishwe kwanza?" Tulicheka sote isipokuwa yeye.

Mimi nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi mkabala na lango la mahakama. Ni mimi niliyeona tangazo mtandaoni: chuo kikuu cha ng'ambo kinatoa ufadhili wa shahada ya uzamili ya lugha na tamaduni za Kiafrika. Nililichapa kwenye karatasi nikavuka barabara nalo mbio, kwa sababu nilijua kitu ambacho wengi hawakijui. Kuna mtu wa kwetu yuko gerezani kwa kumwambia shemeji yake, "Nitakuzika mimi." Kwetu hilo ni neno la utani, unamwambia mtu unayempenda. Kaka aliligeuza kama lilivyo, kama kanuni inavyotaka, na alipoomba ruhusa ya kulieleza, hakimu alimwambia kazi yake ni kutafsiri, si kutetea. Tangu siku hiyo anataka kusomea jambo moja tu: maneno ya kwetu yanapoteza nini yanapoingia mahakamani. Anataka kuandika kitu ambacho hakimu atalazimika kukisoma. Na ufadhili ule ulikuwa na kikomo cha umri. Mwaka huu ukimpita, basi tena.

Nikampa karatasi. Akaigeuza upande wa pili, ambao ulikuwa mtupu.

"Nani kakutuma?"

"Tumbo la mama yetu limenituma, kaka. Soma."

"Kwa nini wamsomeshe mtu wasiyemjua, bure? Wanataka nini?"

Tukaenda hivyo wiki nzima. Mwishoni alikubali kuomba, lakini kwa masharti ya mtu anayeficha magendo. Mhadhiri wake wa zamani alipoombwa barua ya kumpendekeza, akajibu kama wengi wao wanavyojibu, "Andika mwenyewe, mimi nitasaini." Kaka akashika kichwa. Anataka nijisifu kwa mkono wangu, akasema, halafu akawasomee wenzake wacheke. Karani wa masjala alipomuuliza kama ana mpango wa kuchukua likizo, kaka akaapa kwamba karani ameshanusa habari na anamchimba. Ni kweli karani ana ulimi, na ni kweli yeye na kaka wanatoka kijiji kimoja. Lakini kumuuliza mtu habari za likizo ndiyo kazi anayolipwa karani wa masjala.

Lililoniumiza ni hili. Nilimchapia pendekezo lake la utafiti, kila ukurasa, baada ya wateja kuondoka. Tulipomaliza akaiangalia mashine yangu ya fotokopi kwa muda mrefu.

"Hii mashine inakumbuka?"

"Kaka, haikumbuki hata karatasi iliyoimeza sasa hivi."

Hakucheka. Akasimama nyuma ya kiti changu mpaka nikafuta faili lake kwenye kompyuta, kisha akaniambia nimwonyeshe kwamba kweli limefutika. Nilimwonyesha. Nilikasirika na niliumia, na sikumwambia lolote, maana ningeanza nisingenyamaza.

Maombi yalikuwa yameshatumwa simu ilipopigwa, mchana mmoja akiwa dukani kwangu wakati wa mapumziko. Namba ndefu, ya nje. Aliitazama kama anayetazama nyoka, akaipokea, akaweka spika ili nami niwe shahidi. Sauti ya mwanamke ikamsalimu kwa lugha ya kwetu. Si kwa hii yetu ya mjini iliyochanganyika. Ilikuwa ya zamani, iliyonyooka, ile aliyokuwa akisema marehemu mama alipokuwa hana haraka. Nywele zilinisimama. Kaka naye nilimwona macho yakimlainika kidogo, mara moja tu, kisha yakajifunga.

"Natoka kamati ya ufadhili," akasema yule mama.

"Hebu rudia."

Akarudia.

"Uko wapi?"

Akataja mji wa huko ng'ambo.

"Na lugha hii umeitoa wapi, wewe wa ng'ambo?"

"Nilifundishwa na bibi yangu."

"Bibi gani? Wa upande gani? Alizikwa wapi? Nani amekaa hapo pembeni yako anakuonyesha la kusema?"

"Niko peke yangu, kaka yangu. Naomba nikuulize kuhusu utafiti wako."

"Utaulizwa wewe kwanza!"

Nilikuwa nikimvuta shati, wapi. Alishaamua kwamba ni karani, amemtafuta shangazi yake mmoja wa kijijini ili wamfanye kichekesho cha masjala nzima. Akaachia matusi ambayo sikuwa nimeyasikia tangu utotoni. Akamwambia mdomo wake ni wa kukodi na akamrudishie aliyemkodisha kabla haujaoza. Kisha akakata simu, akajiegemeza kwenye kaunta, akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ni karani. Nimemjua," akaniambia.

Mimi nilikuwa natazama nje. Ng'ambo ya barabara, penye lango la mahakama, karani alikuwa akibishana na askari, mikono yote miwili hewani, hana simu wala shangazi.

"Kaka," nikasema, "tazama pale."

Akatazama. Tabasamu likakauka. Nikamwambia afungue barua pepe. Akasema kuna moja ilikuja lakini hakuifungua, kwa sababu huwa hafungui vitu. Nikaifungua mimi. Kamati ilimjulisha kwamba watampigia siku yoyote juma lile bila taarifa, kwa lugha anayotaka kuitafiti, kuona kama kweli anaisema.

Kaka akaenda kukaa kwenye kiti cha kupigia picha za pasipoti, mbele ya kitambaa cheupe. Alikuwa amesawajika.

"Basi. Imekwisha."

"Haijaisha. Piga simu uombe radhi."

"Nitamwambia nini?"

"Kwamba umekosa!"

"Siwezi." Akasema tena, taratibu, "Dada, siwezi. Sijui linavyosemwa."

Nilichukua simu yake nikapiga mwenyewe. Yule mama akapokea. Nikaanza kwa Kiswahili, nikajieleza mimi ni nani. Akanijibu kwa lugha ya kwetu, kwa upole lakini bila mchezo, kwamba katika mahojiano haya hatakiwi kupokea neno kwa lugha nyingine. Mwenye la kusema aliseme kwa lugha hiyo.

Sasa mimi lugha ile nasikia yote. Kuisema ndiyo shida. Ninachoweza ni salamu na kufukuza mbuzi. Nikaweka spika, nikaiweka simu juu ya kaunta, nikamwelekezea kaka kidole.

"Simama. Fanya kazi yako. Mimi nasema, wewe unageuza."

Akasimama. Mazoea ni kitu kikubwa. Alijinyoosha, akaweka mikono nyuma, akajipanga kando ya kaunta kama vile ni kizimba.

Nikasema, "Naomba radhi kwa matusi niliyotukana."

Akageuza kwa sauti yake kavu ya mahakamani. "Mimi naomba radhi kwa matusi niliyotukana."

"Nilidhani wewe ni mwongo."

Akageuza.

Hapo hasira zangu za tangu siku ya faili zikapanda. Nikasema, "Simwamini mtu yeyote. Simwamini hata dada yangu wa tumbo moja, aliyenichapia kazi yangu bila kuomba shukrani. Nilisimama nyuma yake kama askari."

Kaka akanigeukia. Mkalimani haruhusiwi kuruka neno, na yeye hajawahi kuruka. "Mimi simwamini mtu yeyote," akasema kwa lugha ya mama. "Simwamini hata dada yangu wa tumbo moja." Sauti haikuwa kavu tena. Akayamaliza yote, mpaka la askari.

Nikasema la mwisho, taratibu, kwa sababu hasira zilikuwa zimeniishia. "Naogopa."

"Mimi naogopa," akasema kaka.

Mimi nikanyamaza. Yeye hakunyamaza. Akasema anaogopa kwa sababu kutwa nzima ni mtu mwingine, na uongo wa watu umemkaa mdomoni mpaka hawezi kuonja la kweli. Akasema kuna mtu gerezani kwa utani, na ni mdomo wake uliompeleka. Akasema aliposikia lugha ya mama yake kwenye simu, ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba anachezewa kuliko kuamini kwamba kuna mtu bado anaisema hivyo. Alisema akiwa ameshika ukingo wa kaunta, mikono imeshatoka nyuma. Mteja aliingia na kitambulisho cha kutoa nakala, nikamwashiria asubiri nje.

Kisha yule mama akauliza, "Huyo dada yako bado anasema?"

"Hapana. Amenyamaza kitambo."

"Haya niliyoyasikia sasa ni maneno ya nani?"

Kaka alinitazama. Sikumsaidia.

"Yangu," akasema.

"Basi vuta kiti," akasema yule mama, "tuanze mahojiano."