Mwano Uliokwama Mlangoni

Nakumbuka siku moja ya kuchuma pamba kule Lalago, mwanangu, siku niliyosikia watu wakinililia nami niko hai.

Nilikuwa msichana, nachuma mstari wangu kando ya mama. Nyoka aina ya fira alikuwa amejilaza kwenye kivuli cha mipamba, akanigonga kifundoni. Mama na Mjomba Masanja wakanipakia kwenye gari la pamba kwenda hospitali ya Maswa. Njiani kope zikawa nzito, ulimi ukajaa mdomoni, mikono ikagoma. Tulipofika, hata pumzi ilinishinda.

Nesi mmoja, Mayu Minza, yaani Mama Minza kwa Kisukuma, akanifunika pua na mdomo kwa barakoa yenye mfuko wa mpira, akawa anauminya taratibu kunipulizia hewa, huku mwenzake akinichoma dawa ya kupinga sumu. Mjomba Masanja akavua kofia, akamgeukia mama.

"Dada, huyu ametutoka. Tumrudishe nyumbani."

"Vaa kofia yako, baba," Mayu Minza akasema bila kuacha kuminya. "Moyo unapiga, ubongo uko mzima. Tena anakusikia."

"Anisikie, na kidole hatikisi?"

"Wewe ni mtu wa ng'ombe. Wakiibiwa mnafanyaje?"

"Si tunapiga mwano! Boma la kwanza linapiga yowe, la pili linadaka, linapeleka mbele, mpaka kijiji kizima kinatoka."

"Basi seli za neva ndivyo zinavyoitana. Ndani ya seli moja habari hukimbia kama umeme. Ikifika mwisho inakuta upenyo mdogo mno, maana seli hazigusani. Hapo seli inamwaga kemikali kidogo, inavuka, inagonga mlango wa jirani, naye anadaka. Jirani wa mwisho ni msuli. Sumu ya fira imekaa kwenye mlango wa msuli. Binti yenu anapiga yowe huko ndani, msuli hausikii."

Nilitamani kumkumbatia, mwanangu. Yowe nilikuwa nalipiga kweli.

"Usimlilie," akamwambia mama. "Ongea naye."

Mama akapangusa machozi, akaniinamia. "Kabula wewe! Mstari wako nimeuacha vilevile. Usifikiri nitakuchumia!"

Nilicheka, na hakuna aliyeona.

Mikono ya Mayu Minza ilipochoka, Mjomba akasogea. "Nionyeshe." Yeye aliyekuwa amenizika tayari akaminya mfuko ule mpaka jasho likamtiririka, akampokeza mama, mama akamrudishia nesi. Pumzi yangu ilipita mikononi mwao hivyo mpaka sumu ikaanza kubanduka mlangoni na kidole changu cha mguu kikacheza. Mjomba akaruka, kofia ikaanguka.

"Mwano umefika!"

Sasa nina mvi, naishi hapa Bariadi, na kila asubuhi pumzi ya kwanza naivuta kwa shukrani kwa mikono ya watu wale watatu.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Aliyeumwa na nyoka mkimbize hospitali, usimsubirishe. Na mgonjwa aliyenyamaza usimseme kama hayupo. Mwite jina, mtanie, mpe habari za nyumbani. Huenda anakujibu kwa nguvu zake zote, ila jibu limekwama mahali padogo usipopaona. Wewe endelea kubisha hodi.

Mungu akujalie majirani wa kudaka yowe lako. Na siku yowe la mwenzio likikufikia, likukute uko macho, mlango uko wazi.