Njia ya Mlima Rubavu Imekatika

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na wiki hii imenirudia kwa uchungu, maana njia yetu ya kupandia Mlima Rubavu imekatika. Wameshafunga kamba pale chini, hakuna anayepita. Nakusimulia sasa, kabla hasira haijaniisha.

Tulikuwa vijana tuliorudi kutoka Kongo, hatuna kazi, tukajitolea kuitunza ile njia. Siku hiyo tuliimba, tukafyeka, tukakwangua majani yote ya pembeni mpaka udongo ukabaki mtupu, safi kama ua uliofagiliwa. Tulijiona wanaume kwelikweli. Mara akaja Mama Yozefa, mkulima wa viazi wa Mudende, aliyekuwa akijitolea pale kabla yetu. Hakutusalimia, na kwetu mtu mzima akikupita bila salamu ujue umekosa.

"Bon, nani aliwatuma munyoe njia?" akauliza. "Hii haiko salon ya mutu. Ile majani ndiyo inashikaka udongo. Na kule juu, kwenye maji inaingilia, nani alifika?"

Hakuna aliyefika. Kule juu hakuna anayekuona, ni matope na kuinama tu. Akatupandisha, akatuonyesha mitaro midogo inayoikata njia kwa mshazari na kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata nguvu. Ikijaa mchanga, unaizoa. Mvua ikinyesha inajaa tena, nawe unaizoa tena. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mwanangu, wala haina sifa.

Tulikuwa kundi zima. Mama Yozefa akafariki, mwenzetu mmoja akahamia Kigali, mwingine akaanza kuendesha pikipiki ya abiria, wengine waliacha tu bila sababu. Nikabaki peke yangu na magoti haya mabovu. Mwaka huu, masika yalipokaribia, niliwaendea vijana wa mtaani kwetu nikawaomba msaada. Nawe ulikuwepo.

"Muzee, leo tuko na mupira," mkaniambia. "Tutakuja samedi ingine."

Hiyo Jumamosi nyingine sikuiona. Nilipanda mwenyewe, nikazoa mitaro ya chini, nikazoa ya katikati. Ya juu ilinishinda. Nilikaa kwenye jiwe nikaiangalia, nikalia, sioni aibu kukwambia, kisha nikateremka kwa kushikilia miti.

Siku chache baadaye mvua ikanyesha kutwa. Ilipokatika nilikwenda kuangalia. Mitaro yangu ya chini ilikuwa imesimama vizuri, inatoa maji kama inavyotakiwa. Kule juu, pale ambapo sikufika, mlima ulikuwa umeporomoka na njia yote, hapakubaki hata mahali pa kuweka mguu. Basi ujana wangu na uzee wangu vimeniachia njia nzuri isiyofika popote.

Siku hiyo vijana walikuja, tena wengi, wakalipiga picha lile poromoko. Mmoja akanipa pole.

Sitakudanganya kwamba njia itarudi. Wanasema hakuna fedha, na mimi sina mgongo wa kuanza upya. Nimekata tamaa, mwanangu, na sitaki kukuficha. Lakini neno moja lishike. Ukimwona mtu mmoja akifanya kazi ya watu wengi, usimsifu. Sifa nimezipata za kutosha, hazikuzoa hata koleo moja la mchanga. Chukua jembe umfuate siku hiyohiyo, uanzie pale ambapo yeye hafiki. Akishaanguka, pole yako haina kazi.

Mungu akujalie mgongo wenye nguvu na moyo usiopenda kuonekana. Akupe wenzako wa kupanda nawe, na wasikuache mlimani peke yako kama mlivyoniacha mimi. Amina.