Milioni Kumi na Kumi na Tisa

Mwalimu Sylvanus wa Kakese alikuwa na shida ambayo haikumkosesha usingizi mtu mwingine yeyote: alitaka kuhakikisha kwamba 10,000,019 ni namba tasa. Mwaka ule wa 1994 wanaume wenzake walikuwa na shida za heshima, kama mvua na mahindi. Yeye kila alasiri, vipindi vikiisha, aliigawanya kwa mkono: kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, kwa kila tasa mpaka elfu tatu mia moja sitini na kitu. Hapo unaruhusiwa kuacha, maana kigawanyo kikubwa zaidi lazima kiwe na mwenzake mdogo, na huyo umeshamjaribu. Migawanyo zaidi ya mia nne, madaftari sita, na kila mmoja una baki.

Mkaguzi wa shule, wa somo la hesabu, alikuwa amemwahidi: "Nikirudi nikute kazi yote, nakupendekeza chuoni." Sylvanus alikuwa na miaka arobaini na sita. Nafasi nyingine ingemkuta kaburini.

Ijumaa moja mkaguzi akafika nyumbani kwake na pikipiki, akiwahi Mwese kabla ya mvua. Sylvanus akatoa madaftari. La tatu lilikuwa limekonda katikati.

"Mama Specioza!" akamwita mkewe, Theopista, aliyekuwa barazani akifunga karanga za kuuza stesheni. "Kurasa zangu ziko wapi?"

"Zile za baki, baki? Si ulisema umemaliza?"

"Nilimaliza!"

"Sasa kitu kimeisha unakitunza cha nini, Baba Specioza? Nimefungia karanga za watu wa treni. Karatasi ngumu, wameisifu."

Basi tasa zote kati ya mia nane na elfu moja mia mbili, hamsini na saba kwa idadi, zilikuwa zimeshashuka Tabora na chumvi yake.

"Mimi nakuamini, Mwalimu," mkaguzi akasema taratibu. "Ila ofisini nitaonyesha nini?"

Hapo ndipo Sylvanus alipokwama. Namba ingekuwa inagawanyika, angetaja kigawanyo kimoja tu wakanywa chai. Lakini isiyogawanyika haina cha kuonyesha, isipokuwa kushindwa kwako kote, kumoja kumoja, bila kuruka hata kumoja.

Akachukua kalamu. Kwa 809, baki 779.

"Mwalimu..."

"Dakika moja, mzee." Kwa 811, baki 389.

Theopista akaacha karanga, akasogea. "Nikusaidie?" akauliza, naye kugawanya kwa tarakimu tatu hakuwahi kufundishwa.

Mkaguzi akatazama mawingu, akavaa kofia yake, akasema atapita tena mwakani, Mungu akipenda. Pikipiki ikawaka. Sylvanus hakuinua kichwa. Kwa 821, baki 239. Zikabaki hamsini na nne, na mlio wa pikipiki haukusikika tena.