Kioo cha Eddo Fatumo

Harusi yoyote ya Garissa, upande wa wanawake, mwenye kamera ni Eddo Fatumo, shangazi wa mtaa wote. Huko ndani mitandio inatolewa, nywele ziko wazi, wanacheza ngoma ya buraanbur mpaka jasho. Mwanaume haingii. Na tangu aanze hiyo kazi, hakuna picha yake hata moja imefika kwa simu ya mwanaume. Hiyo ndio mali yake. Si kamera.

Wiki jana kompyuta yake ikagoma. Alikuwa ameibeba kwa gari kutoka Balambala, na ile barabara unaijua. Akiwasha, skrini nyeusi, maandishi meupe: diski haionekani. Na ndani kuna harusi ya Arbia, ambaye kesho yake anasafiri Mandera na anataka video yake.

Akaniita mimi. Fundi mwanamke hakuna mtaani kwetu.

"Eddo, nipe niende nayo dukani."

"Haitoki hapa."

"Basi sogea nione skrini."

"Huoni skrini. Mimi nitakusomea."

Hasira yangu iko karibu. "Unanichukulia aje? Mwizi? Unadhani nakufa kuona nywele za mabibi za watu?"

"Waryaa, punguza sauti, wewe si jenereta. Kaa chini ufanye kazi."

Nikakaa sakafuni na sanduku la kompyuta, yeye akageuza skrini upande wake. Nikachomoa flashi ilikuwa nyuma, maana mashine ingine inajaribu kuwakia huko. Bado. Nikamwambia azime, awashe, aingie kwa mipangilio.

"Kuna jina la diski hapo?"

"Hakuna. Ni tupu."

Nikazima, nikafungua sanduku. Vumbi yote ya Balambala iko ndani, waya ya diski imelegea. Nikapangusa, nikachomeka upya pande zote mbili, nikakaza.

"Washa."

"Jina imetokea! Inaingia! Ngoja nione kama harusi iko."

Ngoma ikalipuka. Nikainua kichwa. Nyuma yake kuna kabati ya kioo, na ndani ya hicho kioo, juu ya bega lake, naona skrini yote. Arbia, nywele mpaka kiunoni, anacheka. Kuona mara ya kwanza ni bahati mbaya, sawa. Lakini sikuinamisha kichwa. Niliangalia mpaka akapita.

Simu ikalia. Mama yake Arbia. Eddo akaweka spika.

"Imepona, alhamdulillahi!"

"Nani ametengeneza? Mwanaume?"

"Ni Abdisalam, lakini amekaa chini, hajaona kitu. Huyu mtoto ana adabu. Walla—"

"Eddo, usiape," nikamkata.

Akaniangalia. Macho yangu yakaenda kwa kioo. Akageuka, akakiona. Masikio yangu ikawa moto. Si mimi nilikuwa napiga kelele, mwizi, mwizi?

"Fatumo? Uko?"

"Niko. Nakuja kwako saa hii. Kuna kitu nitakuambia mwenyewe, si kwa simu."

Akatoa shali mabegani, akafunika kioo. Nikaokota bisibisi zangu.

"Kunywa chai kwanza," akasema, bila kuniangalia.

Alikuwa ameshamimina. Nikaiacha hapo.