Mbarouk na Bima Isiyotajwa

Mbarouk Ame alinivunjia taa zote mbili za mbele za gari yangu, mchana kweupe, pale Mtambile, na mpaka leo hajanitajia bima yake. Naanza na hilo ili msomaji asije akampenda mtu huyu kabla hajajua alilolitenda. Maana Mbarouk ni mtu wa kupendwa. Hiyo ndiyo shida yake, na yangu.

Ana hamsini na kitu, kofia imekaa upande, sauti kama ya mwadhini aliyekunywa asali. Ana Noah ya kukodisha, hupeleka watu harusini, hospitali na uwanja wa ndege. Ukifiwa, Noah ya Mbarouk imeshafika kabla hujamaliza kulia, na nauli hakuulizi. Ukitaka ngazi ya kuchumia karafuu, chukua. Ukitaka sufuria la pilau, mkewe Suhaila atakutolea, na mwiko juu. Mtu huyu amegawa kila alichonacho. Jina la bima yake tu ndilo analoficha, kama bikizee anavyoficha umri wake.

Tena hapiti mtu bila kumsalimia. Siku hiyo alikuwa ameshampita Mzee Shaame, aliyekaa kwenye baraza ya duka lake, ndipo akakumbuka kwamba hakumtolea salamu. Mtu mwingine angepiga honi, au angeinua mkono dirishani. Mbarouk aliona honi si salamu. Akatia rivasi, akarudi kinyumenyume kwa adabu zake zote, na mimi nilikuwa nyuma yake nimesimama na kirikuu yangu, kigari cha mizigo, mikungu ya ndizi imepangwa nyuma kama maharusi.

Vioo vikalia. Taa moja ikaanguka njiani, ya pili ikabaki inaning'inia kwa waya kama jino la mtoto.

Mbarouk akashuka. Nikadhani anakuja kwangu. Akaenda barazani.

"Asalaam alaykum, Mzee Shaame. Umeamkaje? Watoto hawajambo? Na mguu?"

"Mguu umepoa," akasema Mzee Shaame. "Kaulize taa za Bi Moza."

Ndipo akaja, mikono kifuani. "Bi Moza, dada yangu, nisamehe. Ni kadari."

"Kadari nimeikubali. Nitajie bima yako."

Akashtuka kama nimemtukania mamaake. "Bima? Mie na weye tuna bima? Mie na weye tuna udugu! Bibi yako na babu yangu wamenyonya ziwa moja."

"Udugu una taa?"

Watu wakacheka. Mbarouk naye akacheka, tena kuwashinda wote, na hapo ndipo nilipojua kuwa sitapata kitu.

Niseme taa zile zilikuwa nini kwangu. Mume wangu alipooa Wete na kuhamia huko, aliniachia kitanda, na majirani wa kuniuliza habari zake. Kirikuu ile niliipata kwa kuchuma karafuu za watu, msimu baada ya msimu, mpaka vidole vikawa havinuki kitu kingine. Nikajifunza kuendesha, nikaanza kupeleka ndizi na muhogo soko la Chake. Pale wachuuzi hununua alfajiri, giza bado lipo. Ukifika jua limetoka unawauzia waliobakia, na waliobakia wanajua kwamba umechelewa. Nafasi yangu ilikuwa mlangoni kabisa. Bila taa sitoki nyumbani mpaka kupambazuke, na taa mpya kwangu ni msimu mwengine mzima juu ya ngazi. Bima yangu mimi ni ile ndogo, inamlipa niliyemgonga, hainilipi mimi. Ya kunilipa mimi ni ya Mbarouk. Mfukoni mwake sikutaka kitu. Nilitaka jina la kampuni na namba, niende mwenyewe.

Jioni akaja Suhaila na wanawake wawili watu wazima, na sinia la halua, na birika la kahawa. Ukiombwa radhi na watu wazima juu ya jamvi lako, hukatai; ukikataa, kosa linakuwa lako. Nikala. Halua ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Nikasema neno linalosemwa: "Yamekwisha." Mimi nilikusudia hasira. Mbarouk, aliyekuwa nje ya mlango anasikiliza, akahesabu na taa humo humo.

Tangu hapo kila nikimwuliza hunijibu, "Bi Moza, si ulikula halua?" Nikenda kwa sheha, mkubwa wa mtaa wetu. Sheha akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Halua ulikula?" Kwenda polisi nikaona haya. Kumshitaki mtu ambaye halua yake iko tumboni mwangu, Mtambile nzima ingeninunia.

Siku moja nikamkuta anaiosha Noah yake.

"Hebu nambie kweli, Mbarouk. Huna bima?"

"Wallahi ninayo! Nalipa kila mwaka."

"Sasa waogopa nini?"

Akaweka ndoo chini. "Weye sanda yako umeshanunua?"

"Imo sandukuni."

"Umeiweka, waomba isitumike leo. Sasa jirani akija leso yake imepasuka, utaikata sanda umpe kiraka? Basi bima ndivyo ilivyo. Mie nimeiweka kwa siku kubwa, Mungu apishe mbali. Nikiikata kwa taa mbili, siku hiyo nitazikwa na nini?"

"Bima haikatwi ikapungua, ndugu yangu."

"Ulishaijaribu?"

Sikuwa nimeijaribu. Akaona ameshinda, akaendelea. "Tena ina baraka. Tangu niwe nayo sijagonga mtu hata mmoja."

"Na mimi?"

"Weye si mtu, Bi Moza. Weye ni ndugu."

Lakini ubaya hana. Pale pale akapiga kifua. "Usihangaike. Mie ndiye nitakayekuwa taa yako." Na alfajiri yake Noah ilikuwa mlangoni kwangu. Yeye mbele na taa zake kubwa, mimi nyuma kama kondoo, tukafika Chake giza lipo. Nikakaa mahali pangu mlangoni. Asubuhi ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Nikaanza hata kumwombea dua.

Nilisahau kuwa mtu huyu hapiti mtu. Asubuhi moja tulichelewa kidogo, mwanga umeanza kuchungulia, na tulipoingia Tibirinzi watu walikuwa wanatoka kusali. Msikiti mzima! Mbarouk alipoona salamu nyingi kiasi kile zimemwagika njiani, akafunga breki hapo hapo alipo. Nami nikamwingia nyuma. Si sana. Bampa lake lilikunjika.

Akashuka mbio. Safari hii hakumsalimia mtu.

"Bi Moza! Bima yako ya kampuni gani?"

Wale waliotoka msikitini wakasimama wanatutazama. Ningeweza kumkumbusha bibi yangu na babu yake. Ningeweza kumpelekea halua, wauzaji nawajua. Nikamtajia. Kampuni, kisha namba, moja moja, kwa sauti ya kuwatosha na waliokuwa bado wanatafuta viatu vyao.

Kampuni yangu ikamlipa. Akaja kunionesha bampa jipya, uso umemjaa furaha.

"Kumbe bima ni kitu kizuri, Bi Moza! Wala haikusumbua."

"Na yangu imepungua?"

"Haikupungua hata kidogo."

"Basi nitajie yako."

Akakuna kofia. "Yangu? Ah! Yangu sijui kama ni ya aina hiyo."

Na kunitangulia alfajiri ameacha. Anasema naendesha karibu mno, anahofia bampa lake.

Siku hizi natoka kumekucha. Mlangoni pa soko, mahali pangu, amekaa mchuuzi mwenzangu Laila na ndizi zake, nami niko ndani, karibu na maji ya samaki. Mara nyingine Noah hunipita njiani, inang'aa kwa nyuma. Mbarouk husimama anisalimie: afya, watoto, biashara, hakiachi kitu. Naitikia yote, salamu ni haki yake. Haki yangu mimi ni jina la kampuni na namba, na ninayemdai ni Mbarouk Ame wa Mtambile, si mkewe, wala si wale watu wazima waliokaa juu ya jamvi langu. Halua simdai. Ile niliila.