Mashine Waliyonichagulia Kaka Zangu

Mwaka ule bega langu la kulia lilikataa kazi. Nilikuwa nimepiga randa kwa mkono tangu nifungue karakana yangu Garsen, miaka mitano, ubao baada ya ubao, na sasa kila nikisukuma randa mbele mkono ulitetemeka kama wa mtu mwenye homa. Shule moja ya upande wa Golbanti ilikuwa imeniagiza madawati. Mfanyabiashara mmoja wa Kisomali mwenye duka la nguo karibu na stendi alitaka rafu za ukuta mzima. Alipita kila asubuhi, akasimama mlangoni, akatazama maranda yaliyorundikana miguuni mwangu, kisha akazitazama rafu mbili tu zilizokuwa tayari.

"Dada fundi," aliniambia siku moja, "nunua mashine. Hii ya mikono utamaliza lini?"

"Nitanunua," nikamjibu.

Nilikuwa na akiba ya kutosha kununua kitu kimoja cha maana. Sikujua kipi.

Mimi sikukusudia kufungua karakana Garsen. Nilisomea useremala katika chuo cha ufundi, nikapata kazi Malindi, nikawa natengeneza milango na madirisha, mwanamke peke yangu kati ya mafundi tisa. Kisha baba akapatwa na kiharusi shambani, akalala kati ya migomba yake mpaka jirani alipomwona. Mama alikuwa amekwisha kufa. Kaka zangu wawili, mkubwa aliyeko Mombasa na mdogo wake aliyeko Nairobi, walinipigia simu siku ileile, na maneno yao yalifanana: wewe ndiye uliye karibu, nenda ukamtazame wiki mbili. Nikaenda na nguo za wiki mbili.

Nilimtoa baba shambani nikapanga vyumba viwili Garsen, ili tuwe karibu na hospitali. Cha mbele nikakifanya karakana, cha nyuma tukalala. Kati yetu palikuwa na ukuta wa bati. Baba aliweza kusema, lakini maneno yalimtoka polepole na yalimchosha, kwa hiyo aliniita kwa kugonga bati na kijiko. Mara moja, maji. Mara mbili, anataka kugeuzwa. Akigonga bila mpango, nilitupa kila kitu nikakimbia. Nilizoea kupiga randa sikio moja likiwa ukutani. Hata nilipokwenda sokoni nilikisikia kijiko.

Habari ya mashine ilinifikia kwa simu. Seremala mmoja mzee wa Malindi alikuwa anaacha kazi na anauza mashine yake ya meza, yenye msumeno na randa pamoja. Nilimtajia kaka yangu mkubwa kwa kupita tu, tukiwa tunaongea habari za dawa za baba. Mchana akanipigia tena.

"Nimeongea na mdogo wangu," akasema. "Tutakuchangia. Chukua ile mashine kubwa."

Nilikaa juu ya rundo la mbao. Kwa miaka mitano nilikuwa nimewaomba jambo moja, tumtafute mtu wa kukaa na baba angalau siku tatu kwa wiki, na kila mara kulikuwa na karo, kulikuwa na kodi, kulikuwa na matanga. Sasa hela ilikuwa imepatikana kati ya asubuhi na adhuhuri.

"Kwa nini mashine?" nikamwuliza.

"Si ndiyo itakusaidia? Ukishaifunga hapo, kazi ipo, baba yupo, wewe umetulia."

"Na hiyo hela tukimtafutia baba mtu wa kumwangalia?"

Nilisikia redio upande wake. "Mtu baki atamwogeshaje mzee?" akasema. "Wewe ni mtoto wake."

"Na wewe?"

"Usianze, dada yangu."

Sikuanza. Nilimwambia nitakwenda kuiona hiyo mashine kwanza. Kaka zangu si watu wabaya, na najua kwamba yule mkubwa alidhani ananitendea wema. Lakini jioni nilipokuwa nikimlisha baba niliona picha moja ambayo haikunitoka: mashine imefungwa sakafuni, na mimi nimefungwa nayo.

Nilimwomba mama jirani akae na baba siku moja, nikapanda basi la alfajiri.

Mashine ilikuwa nzuri. Nasema kweli, niliitamani. Meza yake ya chuma ilikuwa baridi na laini, na nilipopitisha ubao wa mwembe uliopinda, ulitoka upande wa pili umenyooka na kung'aa, kazi ambayo mimi ingenila nusu siku. Ilipiga kelele mpaka meno yakauma. Bolti nne nene ziliishikilia kwenye zege.

"Kuihamisha ni lori na wanaume sita," yule mzee akaniambia, akiisifu. "Hii si ya kutangatanga nayo. Ukishaishusha mahali, hapo ndipo kwako."

Nilimwambia nitampigia. Miguu yenyewe ikanipeleka kwenye karakana yangu ya zamani. Msimamizi wangu alikuwa bado yuko, mvi zimeongezeka. Akanishika mkono, akautazama, akacheka.

"Umekuwa na mikono ya mkulima," akasema. "Tuna milango ya hoteli, kazi ya miezi mitatu. Nafasi ipo. Lakini siku hizi kila fundi anakuja na vyake, randa ya umeme na drili. Unavyo?"

"Ninavyo," nikasema.

Sikuwa navyo. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye duka la vifaa, nikainua randa ya umeme kwa mkono wangu ule mgonjwa, nikaona bega halilalamiki. Nikainunua, na drili, kwa akiba yangu mwenyewe. Vyote viwili viliingia katika begi moja. Nilipanda basi la kurudi nimelipakata, na sikumwambia mtu neno.

Kabla ya kufika Minjila tulikuta mto umevuka barabara. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, si kwetu, na maji ya Tana yalikuwa yanapita juu ya lami, ya rangi ya chai ya maziwa. Dereva alizima injini. Simu ya mama jirani haikupatikana. Abiria walilaani, wakashuka, wakakaa kwenye vivuli vya miti ya mathenge. Mimi nilikaa nao, na nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: kwa muda wa saa moja hivi nilifurahi. Hakuna kijiko. Hakuna aliyeweza kunilaumu. Kisha nikakumbuka kwamba mama jirani aliahidi siku moja tu, nikatoa simu nikajaribu kumpigia tena.

Tulivushwa kesho yake adhuhuri. Nilimkuta baba amevaa shati la jana, shuka limelowa, chakula kiko pembeni hakijaguswa. Mama jirani alisema amekataa kila kitu mkononi mwake.

Nilianza kumvua shati. Akalitazama begi.

"Nilidhani umeenda," akasema.

"Nilienda, baba. Nimerudi."

"Hiyo ni nini?"

"Randa. Ya umeme."

Akavuta pumzi kutafuta maneno yanayofuata. "Ni ndogo," akasema. Sikujua kama amefurahi au amehuzunika.

Kaka mkubwa alikasirika. Tulikubaliana mashine, akasema. Nikamwambia hatukukubaliana, aliamua. Hela ya mashine ikarudi ilikotoka. Milango ya Malindi walipewa wengine, kwa sababu baba alishikwa na kifua baada ya lile shuka lililolowa, na mimi sikubanduka kitandani pake kwa muda wa mwezi mzima. Rafu za duka nilizimaliza, na madawati pia, nikizima randa kila mara kusikiliza.

Kiangazi kilipofika, msimamizi wa Malindi akanipigia simu: milango kumi na miwili, wiki moja. Safari hii sikuomba. Nilimpigia kaka wa Nairobi nikamwambia tarehe nitakayoondoka, na kwamba baba atabaki peke yake asipokuja. Akaja. Nikamwonyesha jinsi ya kumgeuza, jinsi ya kumwogesha, wapi pa kuweka kijiko. Alitazama pembeni muda wote.

Siku tatu nilifanya kazi kama mtu mwenye njaa. Siku ya nne simu iliita nikiwa nimeushikilia mlango kwa goti, nafunga bawaba. Nikaiacha iite mpaka skrubu ya mwisho ilipoingia.

"Siwezi," kaka yangu akasema. Alikuwa analia. "Wewe unawezaje?"

Nilirudi kesho yake. Milango minne niliiachia wengine. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti na begi lake miguuni. Akanikumbatia, akaondoka bila kungoja chai. Nikaingia ndani. Baba alikuwa macho.

"Milango ilikuwa ya mbao gani?" akaniuliza.

"Mahogani."

"Inanukaje?"

Nikavuta kigoda, nikaanza kumweleza.