Damu Yangu kwa Jina la Shemeji

Hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kunishtua. Niliacha shule darasa la tano, nikaanza kwa kubebea watu magunia pale Isebania. Leo nina maghala mawili na malori matatu. Nimeuziwa mahindi yenye maji, yenye mchanga, yenye kila dhambi. Ndiyo maana gunia silichomi bambo, kile chuma cha kuchotea punje, mara moja tu. Nachota punje juu, nachota ubavuni, nachota chini kabisa, ndipo tuongee bei.

Sasa, mwaka mmoja baada ya kumaliza kuchomwa miale kwa ajili ya saratani ya koo, daktari wangu wa Homa Bay akasema ataniangalia kwa damu. Saratani yangu ilitokana na kirusi kiitwacho HPV. Watu wengi hukipata kwa mapenzi na mwili hukifukuza, ila changu kilikuwa kimejificha kooni miaka mingi. Uvimbe ukirudi, vipande vya kirusi huonekana kwenye damu.

"Hiyo damu inapelekwa wapi?"

"Nje ya nchi, mzee."

"Na wewe unakatiwa ngapi?"

Akacheka. Mtu anayecheka ukimuuliza mambo ya pesa, mwogope.

Majibu yakaja: vipande vimeonekana. Nikajipapasa shingo mbele yake. "Nionyeshe basi huo uvimbe."

"Damu inaweza kutangulia, mzee. Tupige picha."

Aha. Leo picha, kesho kisu. Nikaondoka bila kuaga, nikaenda kliniki nyingine Migori kuomba kipimo hichohicho. Lakini jina langu Migori linajulikana kama barabara yenyewe, na madaktari hupigiana simu kama madalali. Nikaandikisha jina na namba ya shemeji yangu wa Rangwe, kaka ya mke wangu. Majibu ningeyafuata mwenyewe.

Hawakuningoja. Walimtumia shemeji kwa simu, na simu ilikuwa mkononi mwa mkewe. Jioni akampigia mke wangu, sauti ikajaa nyumba yetu.

"Wifi! Kaka yako ana kirusi cha saratani ya koo! Nimeuliza, nimeambiwa ni cha mapenzi. Amekitoa wapi?"

Nyuma yake shemeji alikuwa anapiga kelele: "Mimi Migori sijakanyaga mwaka huu!"

"Unasikia? Hata Migori anaikana!"

Mke wangu akanigeukia. Hakuuliza. "Ni damu yako," akasema.

Sikushtuka. Nilikaa chini tu, hapo hapo sakafuni. Kliniki mbili zisizojuana zilikuwa zimesema neno moja.

Kwetu ukweni hakuchezewi. Ukimpaka shemeji uchafu, huendi kwake mikono mitupu. Nikasema kesho natafuta fahali. "Kwanza picha," mke wangu akasema. "Fahali hana saratani."

Picha ikaonyesha kitu kama punje ya maharagwe, ndani ya shingo, mahali vidole vyangu visingefika. Wakakitoa. Damu iliyofuata ilikuwa safi. Hata hivyo nilimwomba daktari airudie, akairudia, ikawa safi tena.

Fahali tulimla Rangwe. Mke wa shemeji alinipakulia bila kuniangalia usoni. Shemeji akafuta mdomo, akasema mbele ya watu wote, "Omera, ndugu yangu, siku nyingine ukitaka kuugua, ugua kwa jina lako."

Vipimo vyote, picha, upasuaji na huyo fahali vilinitoa shilingi laki nne, elfu kumi na nane, mia sita na hamsini.